Bawabu Aliyekosa Wimbo wa Kwanza

Mzee Phineas Wambura alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Tarime, mkoani Mara. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, kisha sekondari Musoma, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1976.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa bawabu wa jumba la sinema mjini Musoma. Picha ikianza alifunga mlango, na hakumfungulia hata mkuu wa wilaya. Mwaka 1981 alimfungia binti aitwaye Bhoke, aliyechelewa dakika kumi. Bhoke alisubiri nje mpaka picha ikaisha, ili amseme vizuri. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983. Jumba lile baadaye lilifanywa ghala la mahindi. Marehemu hakulisamehe jambo hilo.

Mwaka 1998 familia ilihamia Annandale, Virginia. Mzee alifanya kazi ya bohari huko Manassas mchana. Bhoke, ambaye sasa aliitwa Mama Cheryl, alihudumia wazee usiku. Kwa miaka ishirini na mmoja walipokezana funguo za gari mlangoni, na mazungumzo mengi ya ndoa yao yalifanyika hapo.

Alipostaafu alitamani jambo moja: kumpeleka mkewe mtaa wa Shaw, ng'ambo ya mto Potomac, kwenye jumba la kale la maonyesho ambalo, badala ya mahindi, lilitiwa muziki. Walikwenda Jumapili tarehe 13 Oktoba 2024. Tiketi zilisema saa tisa alasiri. Mzee, baada ya miaka mingi ya sherehe za jumuiya yetu, alielewa kwamba saa tisa ni saa kumi na moja. Wenyeji walikuwa wameanza saa tisa. Wakaukuta wimbo wa mwisho, wakausikiliza wamesimama nyuma kabisa, chini ya dari ya nakshi.

“Baba Cheryl,” mama alimwambia, “ungekuwa wewe mlangoni, tungebaki nje.”

Walipokuwa wakivuka mto Potomac kurudi nyumbani, alisema: “Tutarudi. Huo wa kwanza tutausikia.”

Alinunua tiketi nyingine mbili, za tarehe 18 Mei. Mwezi Januari aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Kila asubuhi aliuliza ni tarehe ngapi. Wauguzi wakaandika kwamba akili yake ilikuwa timamu. Alifariki Ijumaa tarehe 2 Mei 2025, alfajiri, zikiwa zimebaki siku kumi na sita.

Ameacha mjane, Bhoke. Watoto, Cheryl na Ryan. Wajukuu watatu wanaoelewa Kiswahili na kujibu Kiingereza. Na tiketi mbili. Mama atakwenda. Ameomba afikishwe saa nane, na asisimame mtu kushoto kwake, pale aliposimama Mzee.

Marehemu aliagiza ibada hii ianze kwa saa iliyoandikwa. Imeanza. Walio bado njiani, tunawaombea.

Apumzike kwa amani, mahali ambapo wimbo wa kwanza bado haujapigwa.