Wakyuba Wameruka Mtaro

Pale Kisarawe, mkabala na kituo cha malori ya kwenda Dar es Salaam, kuna gogo la mnazi ubavuni mwa jiko la Mwinyijuma muuza kahawa. Gogo halina mwenyewe, lakini ukikalia mahali pa mtu utaambiwa. Jumapili hiyo alasiri Kibwana Santuri alikuwa mahali pake, kichwa chini kama mfiwa, kahawa inampoa mkononi. Usimwone hivyo ukadhani ni mnyonge. Kutoka hapa mpaka Kongowe ya Kibaha, harusi isiyopigwa santuri ya Kibwana ilikuwa harusi ya kupita tu. Alikuwa na sahani nyingi za nyimbo, ila moja ndiyo iliyompa jina: rumba ya Wakyuba, aliyoinunua kwa karani wa Kigoa aliyekuwa akihama. Katikati ya rumba hiyo kuna mahali sindano inaruka, wimbo unakatika kidogo, kisha unaendelea mbele. Watu waliuzoea hivyohivyo. Wimbo ukiruka na wao wanaruka, waume kwa wake, na mchezo wenyewe wakauita kuruka mtaro. Kama Wakyuba waliuimba vile au hawakuuimba vile, nani angejiuliza? Basi jana yake Wakyuba wenyewe, watu wazima wenye tarumbeta na ngoma zao, wanapita na meli, wakapiga ukumbini mjini. Kisarawe ikateremka lori zima.

— Kunywa kahawa, bwana, alisema Mwinyijuma. Hakuna aliyekufa.

— Bora ningekufa.

— Tuseme kweli, alidakia Didas Kwaya, mwimbishaji wa kwaya kule parokiani, mtu asiyeweza kuona kosa akalala. Wakyuba walipoanza rumba yetu, tulisimama wa kwanza au hatukusimama?

— Tulisimama!

— Vifua mbele, tunawatazama watu wa mjini kama watoto wa jana. Ikafika pale pa mtaro. Sisi hao, juu! Na Wakyuba?

Akajipiga paja, akajibu mwenyewe.

— Wakyuba wakapita moja kwa moja. Mtaro haupo! Tukatua juu ya miguu ya watu. Mimi nilimkanyaga mke wa sajini, mama wa watu akalia. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kicheko hicho Kibwana alikuwa bado anakisikia. Hapo ndipo alipojua kuwa sahani yake ilikuwa na mkwaruzo tangu siku ya kwanza, na kwamba miaka yote amefundisha nchi nzima kucheza mkwaruzo. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na santuri yake.

— Mbona unakata hadithi katikati? alisema Mwishehe Baharia. Huyu aliwahi kuchochea moto melini msimu mmoja, Dar mpaka Tanga, na tangu hapo hakuna bandari duniani asiyoijua. Akaendelea: mara ya pili wimbo ulipofika palepale, hatukuruka tena?

— Miguu iliruka yenyewe, alisema Didas. Mimi sikuiruhusu.

— Na yule mpiga ngoma, yule mnene wa jino la dhahabu, alifanya nini?

Hata Kibwana aliinua kichwa.

— Alinyamaza, alisema Mwinyijuma. Sisi tuko hewani, ngoma kimya. Tunatua, na yeye huyo: ndu!

— Mara ya tatu tarumbeta nazo zikakatika! alidaka Mwishehe. Mara ya nne ukumbi mzima juu, walewale waliotucheka! Mabati yalitaka kung'oka, wallahi!

— Walikuwa wakitudhihaki, alisema Didas. Mtu akikosea katika kwaya yangu, namwigiza mbele ya wenzake mpaka aone haya. Ndivyo walivyotufanyia.

Neno hilo ndilo lililokuwa likimla Kibwana tangu alfajiri.

Mara akatokea Bi Mwanahalima, anatoka sokoni, kapu kichwani.

— Karibu kahawa, Bi Mwanahalima.

— Sinywi kahawa na watu walioaibishwa mjini. Kibwana, habari nimezipata. Jumamosi namwoza binti yangu, na wakwe wanatoka hukohuko Dar. Sitaki mtu anicheke mlangoni pangu. Santuri yako iache nyumbani, nitatafuta watu wa beni na tarumbeta zao.

Akaweka kapu chini apumzishe shingo. Kibwana akainamisha kichwa tena. Santuri ikikataliwa na Bi Mwanahalima, nani mwingine ataiita? Atabaki Kibwana mtupu, kama alivyozaliwa.

Mwishehe hakuweza kuvumilia.

— Dhihaka wapi! Mimi nawajua Wakyuba. Kwao mtaro upo! Kila njia ina mtaro wa maji katikati, mtu haendi sokoni bila kuruka. Wimbo wenyewe ulitungiwa mtaro. Hawa wa jana walisahau kwa uchovu wa meli, sisi tukawakumbusha.

— Kyuba umefika lini? aliuliza Didas.

— Nilikaribia.

— Ulipokuwa Tanga?

— Ukiwa Tanga umekaribia kila mahali!

— Mimi nimeona zaidi ya hayo, alisema Mwinyijuma, akishusha birika. Yule mpiga ngoma mlimtazama masikio? Masikio yale ni ya akina Kitwana wa Maneromango. Babu wa babu yake alikamatwa na wauza watumwa, akavushwa bahari, hakurudi tena. Sasa jana damu imesikia ndugu zake wakitua chini, mikono ikajibu.

Halafu Didas:

— Masikio umeyaonaje, nawe ulikuwa mlangoni?

— Yalikuwa makubwa!

— Basi kama ni hivyo, alisema Mwishehe, sasa amesimama, rumba yote ni ya Kisarawe! Imetoka hapa, ikaenda Kyuba, ikarudi kwenye sahani. Na sindano inaruka pale kwa sababu ndipo Wakyuba walipokosea. Sahani imekataa uongo!

— Toba! alisema Didas. Mkwaruzo sasa ndiye mwalimu?

Kibwana alicheka bila kutaka. Kicheko hakikufika mbali, kwani lori la kutoka mjini lilisimama, akashuka kijana wa suruali pana na viatu vya rangi mbili. Wote walimjua. Huyo ni Husseini, kiongozi wa klabu ya dansi ya mjini, ndiye aliyecheka kuliko wote jana. Kibwana akataka kuondoka.

— Asalamu alaikum, wazee. Namtafuta mwenye mchezo wa jana.

— Umekuja kumalizia kicheko chako? Kibwana aliuliza.

— La, bwana. Nimekuja na haya zangu. Jana mlipokwisha panda lori nilimwendea yule mpiga ngoma, mpishi wa meli akanifasiria. Nikamwambia, ule mruko mmeutoa wapi? Akasema, ule si wetu, ni wa wale watu waliokuja na lori, kawaulize wao. Akasema ni mzuri, amewachukulia, ataupiga kila bandari.

Gogo lililipuka. Mwishehe alipanda juu yake akipiga kelele, "Sikusema? Sikusema?" ingawa hilo hakulisema. Didas alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Kibwana alitaka kusema neno, machozi yakamtoka mbele za watu, naye hakuyafuta. Wakyuba wanapiga mtaro wake! Kila bandari!

— Ila tangu asubuhi klabuni tunajaribu, tunaangukiana tu, alisema Husseini. Niambieni jambo moja, nirudi na lori. Mnatanguliza mguu gani?

Kila mtu akainama kutazama miguu yake.

— Wa kulia, alisema Didas.

— Wa kushoto! alisema Mwishehe.

— Mtu akiruka ana muda wa kuchagua mguu? aliuliza Mwinyijuma.

Wakamgeukia Kibwana. Naye miaka yote alikuwa ameinama kwenye santuri akizungusha hendeli, miguu ya wachezaji hakuitazama hata mara moja, na ya kwake jana ilikwenda bila kumuuliza. Hakujua. Akaweka kikombe chini, akaenda nyumbani mbio, akarudi ameikumbatia santuri, akaiweka juu ya gogo.

Rumba ikaanza. Sindano ilipofika pale pake, Kisarawe yote ya kituoni iliruka: gogo zima, wachuuzi, dereva wa lori. Bi Mwanahalima, kanga imekazwa kiunoni, aliruka kabla ya wanaume. Vumbi likajaa kwenye vikombe. Husseini alikuwa amechuchumaa akitazama miguu.

— Sijaona! Kila mtu na mguu wake! Hebu rudieni!

Kibwana akashika hendeli. Bi Mwanahalima akamjia, anahema, mkono kiunoni.

— Kibwana, Jumamosi uje mapema. Na sahani ni hiyohiyo mbovu. Ukiniletea nzima, nakurudisha nayo kwenu.