Xavery Hakizimana, 1980–2024: Fundi Ambaye Hakuna Aliyemshika

Leo, tarehe 8 Agosti 2024, tunamzika Xavery Hakizimana hapa kwao Mugoma. Mkewe, Febronia, ameomba mambo yasemwe kama yalivyokuwa, kwa sababu binti yao Aline ana kifafa kilekile cha baba yake, naye bado yu hai.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1980, mtoto wa pili wa marehemu Marcel Ntwari na Mama Kezia. Alimaliza darasa la saba mwaka 1995, akaenda Biharamulo kujifunza uashi kwa mjomba wake. Wengi mlioketi hapa mnalala ndani ya kuta alizozinyoosha yeye.

Tarehe 10 Julai 2004 alifunga ndoa kanisani na Febronia wa Bugarama. Walijaliwa watoto wawili, Frednand na Aline.

Mwaka 2009 alianguka kwa mara ya kwanza, akiwa kazini. Ikasemwa ugonjwa umekuja na mke. Mwaka uliofuata Febronia alirudishwa kwao akiwa na kitenge alichovaa tu, watoto wakabaki, akakaa Bugarama miaka mitatu. Marehemu naye akatengewa kikombe chake kwenye pombe ya ndizi. Hakugomba. Alimwambia jirani yake, Mzee Pancras, "Mzee, ninyi watu kumi mnagombania kikombe kimoja. Mimi chifu, nina changu!" Watu walicheka sana. Kikombe kilibaki kilekile.

Mwaka 2013 walikuja madaktari wanaochunguza chanzo cha kifafa vijijini. Walimuuliza maswali siku nzima, wakampima damu, wakampeleka Mwanza kupigwa picha ya kichwa. Mmoja wao, Daktari Scola, akamwonyesha vidoa vyeupe kwenye ubongo.

"Hii ni minyoo ya nguruwe," alisema. "Mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye minyoo. Ukila kwa mikono michafu, yanaingia."

"Na mke wangu?"

"Mkeo ana kosa gani? Na mate yako hayamwambukizi mtu."

Kesho yake baada ya kurudi Mugoma, alikwenda Bugarama kwa miguu, picha ikiwa kwenye bahasha. "Shikamoo, mama," alimwambia mama mkwe wake. "Nimekuja kumchukua mtu wangu. Ushahidi ninao." Hakuna mwingine wa ukoo aliyefuatana naye. Hakuna aliyeomba radhi, hata leo.

Tangu hapo alichimba vyoo vingi kuliko nyumba alizojenga. Vidonge vya kifafa alivyoandikiwa na madaktari hao vilimtuliza miaka kumi. Mwezi uliopita vikaisha zahanati.

Jumanne, saa nne asubuhi, alikuwa bondeni akimwagilia maharage. Alianguka kifudifudi mferejini, kwenye maji yanayofika kifundo cha mguu tu. Watu watatu walikuwa hatua kumi kutoka pale.

"Msimguse! Mate hayo!" waliambiana. Wakangoja aache kutetemeka. Akaacha.

Watu hao wamo humu msibani. Majina yao hayatasomwa.

Marehemu ameacha mama, mke na watoto wawili. Aline ana miaka kumi na sita, na huchota maji kwenye bonde hilohilo. Akianguka, mshikeni. Mlazeni ubavu, mfuteni mate, kaeni naye mpaka azinduke. Febronia haombi rambirambi nyingine.

Xavery apumzike mikononi mwa Mungu. Mikono ya watu aliikosa.