Kalolaine Fifita, Opereta Aliyeandika Ndoto za Neiafu

Marehemu Kalolaine Fifita alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 kijijini Holonga, visiwa vya Vavaʻu hapa Tonga, mtoto wa kwanza wa mzee Sitiveni na mama Lupe. Alisoma Holonga, kisha shule ya bweni ya wasichana mji mkuu, Nukuʻalofa, akamaliza mwaka 1969. Walimu walisifu mwandiko wake. Wenzake walilalamika kwamba anauliza maswali hata wakati wa sala.

Mwaka 1971 aliajiriwa kuwa opereta wa kituo cha simu mjini Neiafu. Siku moja mama mmoja alifika akilia: ameota meno yanadondoka, kwa hiyo mwanawe aliyeko Auckland, New Zealand, amekufa. Kalolaine akaunganisha simu. Mwana akapokea huku anatafuna, foleni nzima ikaangua kicheko. Tangu hapo kila aliyekuja na ndoto aliandikwa daftarini, na baada ya mwezi aliulizwa kilichotokea. Aliyeota anaanguka, marehemu alimwuliza anaogopa kupoteza nini. Aliyeota yuko uchi kanisani, alimwuliza anaficha nini. Watu walikuja hadi kutoka visiwa vya mbali, na walitoka pale wamechangamka.

Semisi Fifita, fundi wa injini za boti, alipanga foleni kila Ijumaa, akifika dirishani anasema amesahau namba. Walifunga ndoa tarehe 12 Julai 1975 na kujaliwa watoto watatu.

Mimi ninayewasomea wasifu huu ni Seini, binti wa mdogo wake, Feleti. Februari 1988 nilikuwa nasafiri kwenda kusomea uuguzi Auckland. Asubuhi hiyo baba akashusha sanduku langu kutoka garini.

"Nimeota meno yote ya chini yamedondoka. Mtoto haondoki."

Shangazi akaitwa. Alikuja na daftari kwapani, bado amevaa sare.

"Kaa chini, Feleti. Walioota meno ni mia mbili na kumi na nne. Waliofiwa mwezi ule ni sita."

"Na hao sita je?"

"Wote walikuwa na mgonjwa nyumbani. Wewe una mgonjwa?"

"Sina."

"Una nini basi?"

Baba akalitazama sanduku. "Nina mtoto anayeondoka."

"Ndiyo maana yake hiyo. Rudisha sanduku."

Kwetu kaka habishani na dada yake. Baba alirudisha sanduku huku machozi yanamtoka, nami nikapanda ndege. Nimekuwa muuguzi kwa miaka thelathini na mbili.

Marehemu alistaafu mwaka 1999, akafiwa na mumewe mwaka 2014. Kisukari kilimwanza mwaka 2016, na mwaka jana figo zikachoka. Asubuhi ya tarehe 3 Agosti 2023 aliamka akicheka peke yake. Binti yake Vika akamwuliza, "Umeota nini, mama?"

"Hii ni yangu mwenyewe," akajibu, akaomba chai. Saa nne alifariki, uso wake bado una furaha.

Ameacha watoto watatu, Vika, Siosaia na Lavinia, wajukuu kumi na mmoja, kitukuu mmoja, na mdogo wake Feleti.

Lala salama, shangazi. Mungu akupe usingizi mwema.