Maji ya Bati la Shule

Amahoro, ndugu zangu. Msinipigie makofi bado, maana ninayowaletea hayana furaha sana.

Mimi nawapikia wanafunzi pale sekondari yetu ya Murungu. Wengi mnajua nilizaliwa kambini, kwenye kambi ya wakimbizi. Kule maji yalikuwa ya wenye mradi, watu wa mashirika ya misaada. Bomba likikatika, unaweka ndoo yako kwenye foleni, unangoja gari jeupe lije na mafundi. Na lilikuwa linakuja kweli. Baadaye uraia tukapata, mashamba tukapata, ila kungoja hatukuacha.

Basi pampu ya shule ilipokufa, tukangoja. Wazazi, walimu, na mimi mwenyewe. Wenye mradi walioifunga walishaondoka zamani, lakini gari jeupe likipita barabarani tunatoka nje kuangalia. Msicheke, na nyie mlikuwepo.

Watoto wakawa wanateremka bondeni na ndoo kabla ya vipindi. Binti yangu alikuwa mmoja wao. Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, aliteleza na ndoo kichwani akavunjika nyonga. Maji yale yalikuwa ya jikoni kwangu, ya uji niliokuwa nataka kuwapikia wenzake.

Ndugu zangu, nawaambia, nilizima. Hospitali Kibondo, kisha nyumbani, miezi ya kitanda. Sikuwa nakula, sikuwa nasali. Hapa kanisani mlikuwa mnaniona nimekaa, lakini sikuwepo. Niliwachukia watu wote, na bado kila gari likinguruma nakimbilia mlangoni. Siku moja binti yangu, pale kitandani, akaniambia taratibu, kama ananihurumia: "Mama, kaa. Hawaji."

Nilikaa. Nililia mpaka machozi yakaisha. Kikao cha wazazi kilipofika, mwalimu mkuu alituomba tuvute subira kidogo, nikasimama nikasema maneno yale yale ya mwanangu, kwamba hawaji.

Mvua ikaanza tukiwa bado kikaoni. Mzazi mmoja, fundi ujenzi, akatuita nje. Tukasimama tunalowa, tunaangalia maji yanavyomwagika kutoka kwenye mabati ya madarasa, yanakusanyika uwanjani, yanateremka yote kwenye njia ya bondeni. Njia ile ile. Maji ya shule ndiyo yaliyomwangusha mwanangu akienda kuitafutia shule maji.

Tangu siku ile tukapanga wenyewe. Mifereji kila paa, tenki la saruji upande wa jikoni, na mvua ya kwanza tunaiacha ipite na uchafu wake. Maji ya kunawia yanaishia kwenye migomba. Pampu tumeifufua kwa ajili ya kiangazi, na vipuri vyake tunaviweka mapema, kabla haijagoma.

Nawashukuru mliobeba mawe na mchanga, mlionilimia shamba nikiwa hospitali, na yule mama aliyekuwa ananiletea ugali wa muhogo bila kuniuliza kitu. Mungu awaone.

Mwanangu anatembea, ila anachechemea, na daktari amesema itabaki hivyo. Siwezi kuwadanganya kwamba nimepoa. Ninachowaomba ni kimoja: kitu kikiharibika kwenu, kishikeni wenyewe siku hiyo hiyo. Hata sasa gari jeupe likipita, shingo yangu inageuka yenyewe. Halafu namkumbuka binti yangu, nachukua ngazi, napanda kusafisha mifereji.