Siku Tuliyomfagilia Mkaguzi

Ndugu zangu wafugaji wa samaki vizimbani, nimeombwa niseme bila kutaja mtu. Nitataja.

Mnakumbuka nilikuwa na vizimba vinne vya samaki, sato, humu ziwani upande wa Kamanga, jirani na vya ile kampuni kubwa. Siku moja meneja wao, Mashauri, alikuja kwangu mpole kuliko kawaida. Akasema anakuja mgeni kukagua kama kampuni inalitunza ziwa, kisha ataipa alama. Matajiri wa mbali huiangalia alama hiyo kabla ya kuleta mtaji. Akaomba tufagie ufukwe.

Nawaambia, kwetu mgeni haonyeshwi uchafu wa nyumba. Alfajiri nikawaita wanawake wenzangu. Samaki wafu waliokuwa wakitupwa ufukweni kutoka vizimba vya kampuni, tukawaokota, tukawafukia mchangani. Nikavaa kitenge kipya. Mgeni akapiga picha, akala ugali wetu, akaondoka.

Wakapewa alama ya juu kabisa. Mtaji ukamiminika, vizimba vyao vikaongezeka mpaka vikanizingira, na maji yakawa mazito, yananuka. Asubuhi moja nikakuta sato wangu wanaelea, matumbo juu. Wote. Nilikaa kwenye mtumbwi, hata kulia nikashindwa.

Nikamwendea Mashauri, nikamwomba yule mgeni aitwe tena aje aone. Akacheka.

“Mama Kulwa, yule tunamlipa sisi.”

Jamani. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hata huko mtoto hamlipi anayemsahihishia.

Kisha maofisa wa serikali wakaitisha mkutano Nyegezi, wakusanye maoni kuhusu kanuni za hao wanaotoa alama. Mwalimu wa kijijini kwetu akanipeleka. Wataalamu walisema mengi sikuyaelewa. Zamu yangu ikafika.

“Waongo ni wawili,” nikasema. “Mashauri alilipa. Mimi nilifagia.”

Kanuni imetoka: mkaguzi aseme nani anamlipa, na afike bila taarifa.

Nawashukuru ninyi mlionipa vifaranga vya sato nikaanza upya na kizimba kimoja. Namshukuru mwalimu. Mashauri sijamsamehe, msinisukume.

Juzi mkaguzi alitokea bila hodi. Mbele ya miguu yangu walilala sato watatu wafu. Mgongo ulitaka kuinama wenyewe niwafukie, kwa mazoea. Nikasimama wima. Ndugu zangu, mgeni wa namna ile mwacheni aukanyage uchafu.