Harufu Iliyobaki Mkononi mwa Fundi Kamardine

Je, alikunywa pombe? Ulizeni sasa, mbele ya jeneza, kwa maana kwa miaka tisa mmeuliza vibarazani, naye akitokea mnanyamaza.

Marehemu Kamardine Saïndou alizaliwa Mutsamudu, kisiwani Nzuani, mwaka 1931, mtoto wa tatu wa Bwana Saïndou Charif na Bibi Housna. Alihitimu chuo cha Kurani, kisha akasoma shule ya Kifaransa hadi darasa la sita. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo alijua nyumba ipi imeunguza wali kabla hajafika kona ya mtaa.

Pua hiyo ikawa kazi yake. Mwaka 1949 aliajiriwa katika kiwanda cha mafuta ya langilangi, ua la marashi, karibu na Ouani, na mwaka 1964 akahamishiwa Moroni kukagua mafuta ya kusafirishwa ng'ambo. Alidondosha tone kiganjani, akasugua, akanusa, akaenda zake, jioni akanusa tena. "Ya kughushi hukimbia," alisema. "Ya kweli hukaa."

Mwaka 1966 alimwoa Bibi Nadjati, binti wa Mzee Toihir. Mzee hakumpenda upesi mkwe kutoka kisiwa kingine, Nzuani; alimpenda polepole, tena kwa masharti.

Kisha 1978 wakaja mamluki, watu wa kukodiwa waliojifanya wenye nchi. Alhamisi, tarehe 12 Machi 1981, walimfungia kambini Bwana Inzoudine, mfanyabiashara aliyewaletea kreti la wiski ghali ya rai, nafaka ya nchi za baridi. Wao walizoea wiski laini. Hii iliwawasha ulimi kama pilipili, wakadai wamepunjwa. Wakampiga. Ndipo mtu akawatajia fundi mwenye pua.

"Onja!" ofisa alimwamuru, akimsogezea glasi.

"Mdomo huu nauhitaji msikitini," alijibu Fundi Kamardine. "Pua haina dhambi."

"Wewe fundi au mchawi?"

Alisugua matone kiganjani, akangoja. Ukali wa kwanza uliruka. Ikaja karafuu na pilipili manga. Ngozi ilipokauka, ikabaki harufu ya ganda la mkate na mbao zilizobabuliwa kwa moto. Akamtaka ofisa naye asugue mkono wake.

"Ni halisi. Nusa tena kabla hujalala. Ikiwa imekimbia, nifungeni pamoja naye."

Alifika msikitini kwa Magharibi akiwa ameosha mkono kwa sabuni na ndimu. Lakini ya kweli hukaa. Baada ya sala, Mzee Toihir alipopokea mkono wake, aliuachia kama kaa la moto.

"Mkwe wangu, mkono huu unatoka wapi?"

Fundi aliurudisha mkono kifuani. Angetaja kambi, habari ingewafikia mamluki, na Inzoudine asingetoka. Safu nzima ikainuka bila kumpa mkono, na minong'ono ikaanza hapo.

Mwaka 1988 aliugua homa ya ini, mkasema sababu mnaijua. Alifariki nyumbani Moroni Jumamosi, tarehe 13 Januari 1990, mwezi mmoja baada ya mamluki kuondoka. Ameacha mjane, Bibi Nadjati. Watoto Nouriat, Zoubeir na Moinafouraha. Na wajukuu wanne. Alikataza kisa hiki kisisemwe maadamu mamluki wapo, ili Inzoudine asiguswe tena. Sasa hawapo, na Inzoudine, aliyekaa hapo mstari wa mbele, ameturuhusu.

Basi, turudi 1981, asubuhi iliyofuata jioni ile ya msikitini. Ijumaa, baada ya sala ya Alfajiri, Fundi Kamardine alikuwa ameketi peke yake karibu na nguzo. Akamwona Inzoudine akiingia, mdomo umepasuka, jicho moja limefumba. Mamluki walikuwa wamemwachia, wakamwonya asifungue kinywa. Akawapita waliomnyooshea mikono, akapiga magoti mbele ya fundi, akachukua kiganja chake, akakinusa.

"Bado ipo, kaka," alinong'ona, akacheka hadi mdomo ukatoka damu, kisha akakibusu.

Watu walitazamana wakatoka nje. Mzee Toihir hakutoka. Alikuja akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili.

Mkono huo ndio tuliouosha leo. Mola aupokee.