Aliyechora Kofia Ukutani

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitinda mimba wa familia hii, nimesimama kusoma maisha ya kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Brashi, na nawaambia mapema kwamba karatasi niliyoandikiwa na kaka mkubwa nimeiacha nyumbani, kwa hiyo mnaonikonyeza hapo mbele pumzisheni macho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu karibu na stesheni ya reli, wa pili kati ya watoto watatu. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, na kwa kuwa madaftari yake yalijaa michoro kuliko hesabu, baba alimpeleka akajifunze kuchora mabango, kazi aliyoifanya mpaka pumzi ilipomkatalia. Kanuni yake ilikuwa moja, bango likitoka na kosa, aliyelichora ndiye anayepanda ngazi kulirekebisha, hata kama mwenye duka hajaliona.

Tarehe 10 Agosti 1996 alimwoa wifi yangu, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili. Mwaka 1998 yeye na kaka mkubwa walibatizwa siku moja katika kanisa la Wamormoni, na alilipenda kanisa lake, asiwadanganye mtu, alifagia ukumbi, alifundisha watoto Shule ya Jumapili, na kwenye ukuta wa darasa akamchora nabii wao wa kwanza ameketi mezani, kidole juu ya mabamba ya dhahabu ambayo wanaamini kitabu chao kitakatifu kilitafsiriwa kutoka humo, anayasoma kama mtu asomavyo gazeti.

Machi 2015 binti yake mkubwa, wa miaka kumi na minne, alimuuliza mbona maandishi ya kanisa lenyewe yanaeleza kwamba nabii alitia jiwe ndani ya kofia, akainamisha uso humo, akatamka maneno ya kitabu hicho huku mwenzake akiandika, na mbona yanasema pia kwamba mmoja wa wake zake alikuwa msichana wa rika lake yeye binti. Brashi alisoma mwenyewe, chakula kikapoa mezani. La msichana alimwambia mtoto wazi kwamba linamuuma hata yeye. La kofia lilikuwa kazi ya mkono wake, basi akaomba ruhusa kwa kiongozi wa tawi la kanisa lao, akapewa, akapanda ngazi, akafuta meza, akachora kofia.

Jumapili iliyofuata kaka mkubwa alifika kabla ya watoto na ndoo ya rangi nyeupe, akafuta ukuta mzima bila kumuuliza mtu. Tukaitwa kikao sebuleni kwa baba, Brashi akauliza imani ya kweli inaogopaje kofia, kaka akajibu kwamba si kila kweli ni ya kuwapa watoto, na hata mimi nisiye wa kanisa hilo niliona hoja ina uzito kidogo. Lakini kilichofuata hakikuwa hoja. Kaka, wewe na ndugu wengine mliwaambia wenye maduka kwamba amerukwa na akili, mkasusia harusi ya binti yake tarehe 4 Juni 2022, na leo mmekuja na mashada makubwa kuliko jeneza, hamna haya!

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2023, akalazwa Januari mwaka huu, akafariki tarehe 2 Februari alfajiri. Kaka mkubwa alikuja wodini mara moja tu, akamtaka akiri kwamba alikosea, na mimi nilikuwa nimekaa kitandani pale, marehemu akasogeza barakoa ya oksijeni, akasema, "Kaka, mimi bado naamini, ndiyo maana nauliza." Maneno hayo ndiyo yaliyogeuzwa kwenye ile karatasi ya kaka kuwa "alitubu".

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliompikia uji, wachora mabango wenzake waliogawana naye kazi tulipomnyima sisi ndugu, na kiongozi wa tawi, aliyekuja kumsomea maandiko na kubishana naye mpaka wote wawili wakacheka.

Kaka mkubwa, mimi neno "alitubu" sitalisoma. Kaburi bado liko wazi, sogea umwambie mwenyewe.

Nawe Brashi, lala kwa amani, ile ambayo ndugu zako tulikunyima ukiwa hai.